Mkaguzi alikuja Februari

Mliokuwepo mnaikumbuka dakika ile. Msafara wa ukaguzi wa kikundi cha kilimo hai, watu kumi na mmoja, umefika shamba la nne, kwenye mteremko ulio chini ya barabara ya Kitale, kabla hujaingia Soy penyewe. Mkaguzi amesimama kwenye waya wa mpaka, fomu juu ya ubao, kalamu mkononi. Ng'ambo ya waya kuna ekari arobaini na kitu za mabua makavu, ng'ombe wa watu wanajilia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Huyu jirani hapandi kitu?" Mtu akajibu, "Kwa sasa hapana." Kalamu ikashuka kwenye kisanduku cha hatari ya uchafuzi kutoka kwa jirani: ndogo. Sekunde ishirini, labda kumi na tano.

Nasema mapema ili msisubiri: alikosea. Mbegu alizikagua pakiti kwa pakiti, mboji alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, daftari la mauzo alilipitia lote, na hapo sina neno. Lakini kosa la pale kwenye waya linafuta mengi.

Soy si Kiambu. Naona wakaguzi wetu wengi wameizoea kazi kwenye vishamba ambako jirani ana robo ekari na pampu ya mgongoni, na ukimwona anapulizia unaweza kumwita kwa jina. Huku kwetu jirani ni trekta. Mwenye trekta mara nyingi si jirani hata kidogo, ni mtu wa Eldoret aliyekodi shamba kwa msimu, ambaye hamjui kogo (bibi mzee mwenye shamba hilo la nne) wa ng'ambo ya waya wala sukuma wiki yake. Mwezi Machi anapulizia dawa ya magugu kabla ya kulima. Aprili mvua ikishika anapanda mbegu iliyopakwa dawa na rangi, na mbolea ya DAP chini yake. Mei mahindi yakifika magotini anarudi na dawa ya viwavi jeshi, kwa sababu tangu wadudu hao watue nchini mwaka 2017 hakuna anayethubutu kuliacha shamba la mahindi bila ulinzi. Juni huenda akarudi tena. Ikifika Novemba kombaini inavuna, mabua yanabaki, ng'ombe wanaingia.

Kwa hiyo katika miezi kumi na miwili, mkaguzi alichagua ule ambao hatari imelala usingizi, akaitazama ikiwa imelala, akaandika kwamba haipo.

Tuutazame mpaka wenyewe kama fundi. Shamba la mahindi liko upande wa juu na upande wa mashariki. Upande wa juu maana yake mvua ya kwanza kubwa ya Aprili inateremka na chochote kilichomwagwa Machi, na mfereji wa kuyakinga maji hayo haupo. Kuna mchirizi tu ambao ng'ombe wameukanyaga mpaka umesawazika. Upande wa mashariki maana yake upepo wetu wa siku nyingi unatoka kwake kuja kwa kogo. Ukuta wa nepia ulikuwepo, na kwenye ramani ya kikundi umechorwa vizuri kwa kalamu ya kijani. Lakini Februari nepia imekatwa yote, imekwenda kwa ng'ombe, kwa kuwa ni kiangazi na ng'ombe naye anataka kula. Vilibaki visiki vya urefu wa kiganja. Tuta la kwanza la spinachi liko hatua nane kutoka kwenye waya. Nilizihesabu baada ya msafara kuondoka, tena hatua zangu ni fupi.

Hatua nane, mteremko, upepo unaokuja, ukuta uliokatwa. Ndogo!

Najua utetezi wake, maana nimeusikia kwa wengine kabla yake. Kwanza, Mei barabara za ndani hazipitiki, gari linakwama. Pili, ukaguzi wa mwaka lazima uishe kabla ya msimu ili cheti kiwe tayari. Tatu, fomu inauliza hali iliyopo siku ya ukaguzi. Hilo la tatu ndilo linanikera. Fomu inauliza hatari, na hatari ni habari ya kesho. Angeuliza maswali matatu tu: nani amekodi hapa, anapulizia nini, mwezi gani? Kogo mwenyewe angemjibu yote bila kufungua daftari. Nilimuuliza jioni yake, tukiwa tumeketi kwenye kibao nje ya jiko. "Mwaka jana nilifunga dirisha siku mbili," aliniambia. "Hakuniuliza, mwanangu."

Kikundi hiki kinatumia mfumo shirikishi wa uhakiki, yaani wakulima wanakaguana wenyewe, mgeni anakuja kuhakikisha kwamba kukaguana huko si kupakana mafuta. Ni mfumo mzuri na nitautetea popote. Kumlipa mkaguzi wa kampuni ya nje ni jambo la mwenye kahawa ya kusafirisha. Muuza managu wa soko la Eldoret atazitoa wapi pesa hizo? Ndiyo maana ilikuwa busara kwamba baada ya nchi za Afrika Mashariki kupitisha kiwango kimoja cha kilimo hai mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, mlango uliachwa wazi kwa vikundi vya namna hii. Nguvu ya mfumo ni kwamba jirani anajua. Siku ile wenzake kumi wa kogo walijua. Walimjua mpaka dereva wa trekta. Lakini mgeni alikuwa ameshasema, kalamu ilikuwa imeshashuka, na kwetu huku mgeni aliyetoka mbali hapingwi mbele ya chai. Uamuzi wa haraka wa mtu mmoja uliwanyang'anya watu kumi kazi yao. Simlaumu aliyejibu "kwa sasa hapana". Aliulizwa swali la Februari, akatoa jibu la Februari.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo la tuta moja la spinachi. Wakumbuke Uganda. Mwaka 2008 serikali ilipulizia DDT ndani ya nyumba za wilaya za Apac na Oyam kupambana na malaria. Wakulima wa kilimo hai wa huko hawakununua dawa hiyo wala hawakuipeleka shambani, lakini mavuno ya mkulima mdogo hulala ndani ya nyumba, karibu na kitanda, na wanunuzi wa nje wakaogopa wakasitisha ununuzi. Daftari la mkulima lisingeweza kuonyesha dawa iliyoletwa na mtu mwingine. Hofu ile ya uchafuzi haikuingilia kwenye pakiti ya mbegu, iliingilia kwa mtu mwingine.

Na kwa kuwa tunazungumzia jinsi ukaguzi unavyofanywa, niruhusuni ugomvi wangu wa zamani kuhusu hesabu zake. Kwa miaka mingi wakaguzi wa vikundi vikubwa walichagua mashamba kwa kipeuo cha pili: wakulima 400, unatembelea 20. Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, ile ya 2018/848, imeweka asilimia 5 ya wanachama, wasipungue 10, na kikundi kisizidi watu 2,000. Semina ngapi zimefanyika kwenye mahoteli kuhusu mabadiliko hayo! Kwa kikundi cha watu 400, asilimia 5 ni 20 vilevile. Tofauti inaonekana kwa kikundi cha 2,000, ambapo 45 wanakuwa 100, na hapo nakubali ni kazi. Lakini hakuna hata hesabu moja kati ya hizo mbili inayokwambia uende mwezi gani. Mkaguzi mmoja wa Mei ana faida kuliko watano wa Februari.

Zamani tulikuwa na watu. Kituo cha kilimo cha Manor House, Kitale, kilifunguliwa mwaka 1984, na miaka miwili baadaye John Njoroge akaanzisha KIOF, taasisi ya kilimo hai ya Kenya, wakati ambapo mtu akikataa mbolea ya duka alionekana amerudi nyuma. Vijana waliotoka Manor House walipita vijijini kwetu kwa baiskeli. Namkumbuka mmoja, mwembamba, shati limefifia. Hakuwa na fomu. Alifika kwenye mpaka, akachota vumbi, akalirusha juu, akatazama linakoangukia. Kisha akazunguka na kuingia shamba la jirani, akamsalimu, akauliza habari za watoto, na ndipo akauliza habari za dawa. Aliturudia mvua ikinyesha. Sikumbuki kama alitupa karatasi yoyote.

Leo tunasifu karatasi. Mwaka 2024 tuliona mbolea ya ruzuku isiyo na kiwango ikipita kwenye maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, ndani ya mifuko mizuri tu, na mkulima wa mahindi wa Moi's Bridge aliyeipanda hakulindwa na maandishi ya kwenye mfuko. Sisi wa kilimo hai tulicheka kidogo. Tusicheke sana.

Kilichotakiwa kufanywa pale kwenye waya si kumnyima kogo cheti. Matuta yake ya chini, karibu na mto, hayana doa, na mboji yake ni bora kuliko ya mwenyekiti. Angeandika hatari kubwa. Angeyatenga matuta matatu ya juu, mazao yake yauzwe kama ya kawaida mpaka nepia irudi kimo cha mtu, tena ikatwe kwa zamu, mstari mmoja ukibaki wima kila wakati. Angeagiza mfereji wa kukinga maji uchimbwe kabla ya mvua. Vijana wa kikundi wangeumaliza kwa asubuhi mbili. Angemtafuta aliyekodi, namba yake anayo kila mwenye duka la dawa hapa Soy, amwombe apige simu siku moja kabla ya kupulizia na aache mistari michache ya mwisho bila dawa. Wengi hukubali ukiwaomba kwa heshima. Kipimo cha maabara kingefuata kwa tuta moja, si kwa kikundi kizima, kwa kuwa gharama yake inaumiza, na ndiyo sababu jicho la mkaguzi lina thamani hapa kuliko Ulaya.

Zaidi ya yote, angeandika chini ya fomu: nitarudi Mei.

Bado anaweza. Matope si kisingizio. Ninazo gamubuti jozi mbili pale nyumbani, na moja ni namba nane.