Kabla Hawajatoka Walikuwa Nani? Kusoma tena Habari za Wakilindi

Mwezi uliopita mjomba alinitumia kijitabu kwenye simu, kurasa 28, na ujumbe mfupi: "Mwandishi wetu, pitia Kiswahili tu, tunachapa kabla ya kikao cha Desemba." Ni historia ya ukoo wetu wa upande wa mama, watu wa Usambara. Aya ya kwanza tulikuwa Misri. Aya ya pili tumeshavuka Ethiopia, ya tatu tuko Taita, na kufikia ukurasa wa pili tumepanda mlima, tumejenga, tumepanda migomba. Basi la Tanga kwenda Lushoto lenyewe halina mwendo huo.

Nikacheka. Halafu nikafika ukurasa wa tisa, penye orodha ya wake na watoto, nikaacha kucheka. Bibi yake babu hayupo. Watoto wake wapo, wote watano, mama yao hayupo. Nyumbani kila mtu anajua sababu, ingawa husemwa kwa sauti ya chini: aliletwa mlimani akiwa mtoto mdogo, wakati wa vita vya Semboja, akatolewa kwa mbuzi. Hakuwa na ukoo wa kuandika.

Nikampigia mjomba. "Mama, hayo ya nini tena?" akaniambia kwa upole. "Kitabu ni cha kutuheshimisha."

Mimi nikishindwa kubishana na mkubwa, huenda kusoma. Nikakitoa Habari za Wakilindi, kitabu nilichokisoma mara moja chuoni kwa haraka za mtihani, nikakisoma upya kwa juma zima. Nataka nieleze kwa nini naona ndicho kitabu bora tulicho nacho kwa Kiswahili kuhusu jinsi kabila linavyopatikana, na pia wapi kinaniudhi.

Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, alikuwa mtu wa pwani aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi, hasa Semboja wa Mazinde. Kilitoka kwa vipande kwenye mtambo wa wamisionari wa UMCA kule Magila, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ikakichapa tena, kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Siku hizi kukipata ni kazi. Nakala yangu ni fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine herufi zimeliwa pembeni.

Kisa chenyewe wengi tumekisikia. Mbegha ni mtu wa Nguu, kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo aliaminika kuwaletea nduguze vifo. Wazazi wake wanapofariki, ndugu wanamnyima urithi. Anaondoka na mbwa wake na mikuki, anawinda nguruwe, anafika Kilindi, anafanya urafiki na mtoto wa mtawala. Kijana yule anakufa mawindoni, Mbegha anakimbia tena. Mwisho anapanda milima ya Usambara. Anawapa wenyeji nyama, wao wanampa chakula cha shamba. Anaamua mashauri yao, anapewa mke, anaitwa Vugha, anaua simba. Wanamfanya mtawala, na ukoo wake unaitwa Wakilindi.

Ona kilichotokea hapo. Mwanzilishi wa ufalme wa Washambaa si Mshambaa. Hata Kilindi, iliyoupa ukoo wake jina, si kwao. Alipita tu akiwa mkimbizi. Nyumbani alifukuzwa. Na wale wanaompokea mlimani tayari wapo, wana mashamba, wana ugomvi wao, wanasema lugha yao. Hakuna hata ukurasa mmoja ambapo kundi zima la watu linafunga mizigo na kuhama pamoja kama wanafunzi wa ziara.

Hapo ndipo nikagundua kinachonikera katika kijitabu cha mjomba, na katika karibu kila historia ya kabila niliyowahi kukabidhiwa: ni neno "walitoka". Wahehe walitoka kule, Wangoni walitoka huku. Kile kiambishi "wa-" kinafanya kazi kubwa kimyakimya. Kinadai kwamba watu walikuwa tayari ni wao, wamekamilika, wana jina, kabla hawajapiga hatua ya kwanza. Lakini kabla hawajatoka walikuwa nani?

Chukua Wahehe. Kabla ya Munyigumba kuziunganisha tawala ndogondogo za Iringa katikati ya karne ya 19, hapakuwa na watu wanaojiita hivyo kwa pamoja. Jina lenyewe husemwa limetokana na ukelele wao wa vita. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1891, mwanawe Mkwawa aliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo. Kabila changa kabisa, na hakuna aliyethubutu kulidharau. Wangoni? Walivuka Zambezi mwaka 1835, hilo kweli, lakini wengi waliokuja kuitwa Wangoni kule Songea ni wazao wa watu waliokutwa njiani au walewale wenyeji, Wandendeule na wengine. Sukuma ni "kaskazini" tu kwa lugha yao na ya jirani zao Wanyamwezi. Wabondei ni watu wa bondeni. Dira na sura ya nchi vimegeuka kuwa damu.

Neno kabila lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu. Na kulikaza likawa kama lilivyo leo, Waingereza walisaidia sana. Miaka ya 1920 Gavana Donald Cameron alipotaka kutawala kupitia machifu, kila eneo lilihitaji kabila lake na mkubwa wake, na palipokosekana pakatafutwa. John Iliffe ameieleza habari hii vizuri mno katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, pamoja na jinsi Waafrika wenyewe walivyoingia kwenye ujenzi huo kwa sababu zao. Ila baadhi ya wasomaji wake, hasa sisi tuliopita chuo, tunamchukua vibaya. Tunatoka pale tunasema kabila ni uongo wa mkoloni, basi, mjadala umefungwa. Habari za Wakilindi kinatukatalia. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki miaka ya 1860 mwanzoni, alitawala nchi kubwa kabla Mjerumani hajaonekana, na watu wa Shambaai walijua wao ni nani, na kwamba nyika iliyo chini yao ni dunia nyingine. Utambulisho huo ni wa kweli. Ulitengenezwa na watu, na ni wa kweli.

Aliyenisaidia zaidi kukisoma kitabu hiki ni Steven Feierman, ambaye mwaka 1974 alitoa utafiti wake kuhusu ufalme wa Washambaa. Yeye alizunguka vijijini akasikiliza kisa cha Mbegha kinavyosimuliwa na wazee. Anaona kwamba moyo wa kisa ni ile biashara ya nyama na chakula cha shamba: mwindaji wa porini na wakulima wa mlimani wanakamilishana, na hapo ndipo utawala unazaliwa. Baada ya hapo mfalme atapimwa kwa mvua. Ipo nyakati za kuzifya shi, kuiponya nchi, na ipo kubana shi, kuiharibu. Nilipoyasoma hayo nikakumbuka wazee wetu wanavyosema Mbegha alikuja, bila aibu yoyote kwamba alikuwa mgeni. Ugeni wake ndio uliomfaa. Hata Waluba wa Kongo wana mwindaji mgeni kwenye mwanzo wa ufalme wao, Mbidi Kiluwe.

Na milima yenyewe inacheka madai ya chanzo kimoja. Vigae vya aina ya Kwale vimepatikana huku, kwa hiyo wakulima wenye chuma walikuwepo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mwindaji yeyote mwenye mbwa. Koo zetu nyingi husimulia kwamba zilitoka Upare, Uzigua, Nguu, Taita, kila moja na njia yake. Halafu kuna Wambugu, majirani zetu, ambao lugha yao ya ndani ina sarufi ya Kibantu na maneno mengi yenye asili ya Kikushi. Wanaisimu wameumiza kichwa sana juu yake. Ukipenda hadithi safi ya asili, usipande Usambara.

Sasa Misri imetoka wapi? Simcheki mjomba kwa hili. Wakoloni walikuwa na nadharia kwamba chochote cha maana Afrika kililetwa na watu weupeweupe kutoka kaskazini, C.G. Seligman aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1930. Shule zikaifundisha. Babu zetu wakaipokea, wakaigeuza kuwa fahari: kama ubora unatoka huko, basi na sisi tulitoka huko. Naielewa njaa hiyo ya heshima. Kinachoniuma ni kwamba heshima ilikuwepo hapohapo Vugha, na tumeiacha tukaenda kuazima piramidi.

Kitabu hiki nacho kinaniudhi, nilisema. Ni habari za Wakilindi kweli, jina limeshakiri. Abdallah ana sikio zuri sana la mazungumzo. Watu wake wanabishana, wanabembelezana, wanatishana, na unawasikia. Lakini anasikia vizuri zaidi barazani. Anapofika kwenye vita vilivyofuata kifo cha Kimweri, Semboja chini Mazinde kwenye njia ya misafara, bunduki zikipanda na watu wakishuka kuuzwa, Wabondei wakiasi, yeye yuko upande wa wanaoamua. Waliokamatwa wanapita nyuma ya mabwana. Mtoto wa kike aliyetolewa kwa mbuzi hana mazungumzo. Nilimtafuta kurasa zile zote nikijua simpati.

Hata hivyo kitabu kimeniachia kitu cha kumjibia mjomba. Kama Mbegha aliyefukuzwa kwao anaweza kuwa mwanzo wa wafalme, mwanamke aliyeletwa hawezi kuwa doa. Sote tumo humu kwa kupokelewa, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, na tofauti hiyo nataka ionekane kwenye karatasi. Sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, na sina hamu swali hilo lirudi. Lakini vijitabu vya koo vinaendelea kuchapwa, na watoto wetu watavisoma bila sisi kuwa pembeni kuwanong'oneza.

Nimesahihisha Kiswahili, kama nilivyoombwa. Misri nimeiacha na kuweka alama ya kuuliza. Ukurasa wa tisa nimeongeza sentensi moja: mke wa tatu aliletwa kutoka bondeni akiwa mtoto, na hapo nikaandika jina alilopewa mlimani, kwa sababu la kwao halikumbukwi na mtu.

Baada ya siku mbili mjomba akajibu. Kwamba wazee wamekubali aingie, ila wanaomba neno libadilishwe, isomeke "alitoka bondeni".

Nimemwandikia kwamba aliletwa. Kikao ni tarehe 27.