Tazama Ribiti Kwanza: Namna ya Kuvitambua Vigari Adimu Vilivyoghushiwa

Machi 2008, katika mnada wa Vectis kaskazini mwa Uingereza, kigari cha Dinky Toys cha miaka ya 1930, mfano wa gari la kusambazia mizigo, kiliuzwa kwa pauni 19,975. Ni kigari kinachoenea kiganjani. Ubavuni kina jina la duka la W. E. Boyce, na jina hilo ndilo lililolipiwa. Chuma chenyewe hakina ajabu: bodi ya namna hiyohiyo ilitoka katika kiwanda cha Meccano, watengenezaji wa Dinky, mjini Liverpool ikiwa na majina mengine ya maduka na bidhaa, na vingi kati ya vigari hivyo vingine havikaribii bei hiyo.

Hatari ya soko hili imejificha hapo. Katika vigari vya kuchezea vya zinki iliyomiminwa kalibuni, thamani kubwa mara nyingi hukaa kwenye rangi, maandishi, magurudumu au boksi, yaani vitu ambavyo mtu mwenye subira, kopo la rangi na printa anaweza kuvifanya upya mezani kwake. Ni nadra mghushi kujihangaisha kutengeneza kigari kizima, maana kuchonga kalibu ya chuma ni gharama kubwa. Anachofanya ni kuchukua kigari halisi cha bei ndogo na kukichakachua mpaka kifanane na kile adimu. Mnunuzi akiuliza, "Hii ni Dinky kweli?" atajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa la kweli. Swali linalomlinda ni jingine: je, kigari hiki kimewahi kufunguliwa tangu kitoke kiwandani?

Kufunguliwa huacha alama. Kwenye vigari vingi vya Dinky, Corgi, Matchbox na Hot Wheels, bodi na bamba la chini hushikanishwa kwa ribiti. Kijiti kifupi kilichomiminwa pamoja na bodi hupitishwa kwenye tundu la bamba, kisha mashine hukiponda kichwa chake kikatanuka. Hakuna skrubu, na hakuna nia ya kukifungua tena. Anayetaka kuvua bamba ili apulize rangi mpya au abadili vioo na viti hana njia ila kukitoboa kichwa hicho kwa drili. Akimaliza lazima akifunge kigari kwa kitu fulani: skrubu ndogo, gundi, au ribiti ya kuunga iliyopondwa kwa nyundo.

Kwa sababu hiyo, mjuzi hapotezi muda kushangaa mng'ao wa paa. Hukipindua kigari, akashika lenzi ya kukuza mara kumi, na kuanzia chini. Kichwa cha kiwandani ni laini na cha mviringo, kimelala sawasawa juu ya bamba, na kutu au uchafu wake unalingana na wa sehemu zinazokizunguka. Kichwa kilichoguswa huonyesha chuma kipya kinachometameta, mikwaruzo ya kuzunguka iliyoachwa na drili, ufa mwembamba kati ya kijiti na bamba, au tone la gundi. Anayeanza asitegemee picha za vitabuni peke yake. Anunue vigari vya kawaida vilivyochakaa vya kampuni ileile na miaka ileile, vya bei ndogo kabisa, avipindue mpaka macho yazoee. Hakuna mafunzo yanayoshinda hayo.

Ekseli nazo zichunguzwe. Kwenye vigari vya zamani, ncha ya ekseli ilibanwa au kupondwa baada ya magurudumu kuingizwa, na vigari vya kwanza vya Matchbox vina ncha zilizobanwa bapa wakati vya baadaye vina ncha za mviringo. Kigari kinachodaiwa kuwa cha toleo la mwanzo kikiwa na ncha za mtindo wa baadaye kinahitaji maelezo. Alama za koleo kwenye ncha, au ekseli moja inayong'aa huku nyingine ina kutu, humaanisha magurudumu yametolewa.

Rangi ndiyo yenye visa vingi zaidi. Kampuni ya Lesney Products ilianzishwa London mwaka 1947, ikaanza mfululizo wa Matchbox mwaka 1953, na ilitengeneza vigari kwa wingi mno hata tofauti ndogo za rangi zikawa jambo la kawaida kiwandani. Wakusanyaji wakajenga biashara nzima juu ya tofauti hizo. Mfano unaotajwa sana ni namba 13 ya mwaka 1965, lori la Dodge la kukokota magari yaliyoharibika, lenye nembo ya BP. La kawaida lina kichwa cha njano na sehemu ya nyuma ya kijani. Machache ya mwanzo yalitoka rangi zikiwa zimegeuzwa: kichwa cha kijani, nyuma njano. Lile la kawaida ni la bei ya chini. Lililogeuzwa ni ndoto ya wengi. Kwa kuwa kinachoyatenganisha ni rangi tu, mghushi hahitaji ufundi wa ajabu, na mnunuzi asiyepindua lori hilo anacheza kamari.

Rangi ya kiwandani huwa nyembamba. Maandishi madogo yaliyomiminwa kwenye chuma, mistari ya milango na matundu ya taa hubaki na kingo kali. Rangi ya pili hujaza mistari hiyo, na kingo zikalegea. Palipobanduka rangi ya kwanza, rangi mpya hudidimia na kufanya kishimo kidogo kinachoonekana taa ikimulikwa kutoka ubavuni. Uchakavu nao una mantiki yake: mtoto huchubua pembe za bampa, ukingo wa paa na matao ya magurudumu, kwa sababu ndizo sehemu zinazogusa sakafu na vigari vingine. Mchubuko uliokaa katikati ya mlango, huku pembe zote zikiwa salama, umetengenezwa na mtu mzima mwenye msasa.

Hot Wheels za kwanza, zilizoanza kuuzwa na Mattel mwaka 1968, zina ugumu wa aina yake. Rangi yao, iliyopewa jina Spectraflame, ni vanishi yenye rangi inayopenyeza mwanga, iliyopakwa juu ya chuma kilichong'arishwa. Vigari vya waridi ni adimu na vinatafutwa sana, kwa hiyo ndivyo vinavyopakwa upya sana. Hapa mtu atazame ndani ya bodi na kuzunguka matundu ya ekseli, mahali ambapo ni vigumu rangi ya kwanza kuondoka yote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu na nyumbani ni Corgi namba 256. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilishinda mwaka huohuo, kisha 1954, 1957 na 1962. Katikati ya miaka ya 1960 Corgi, iliyokuwa ikitengenezwa na kampuni ya Mettoy huko Swansea, Wales, ilitoa Volkswagen 1200 ya East African Safari: bodi nyekundu inayoelekea rangi ya chungwa, namba 18, tairi la akiba juu ya paa ambalo likizungushwa magurudumu ya mbele hukata kona, na kifaru mdogo wa plastiki pembeni. Ni kigari kizuri sana, na kila kitu kinachokipa uzuri huo kinaweza kuongezwa baadaye. Kifaru hupotea kirahisi, na vifaru vya nakala vinauzwa. Stika za nakala nazo zinauzwa. Bodi ya Volkswagen hiyo ilitumika pia kwa gari la polisi, namba 492, la kijani na nyeupe. Kwa hiyo anayekagua Safari afungue boneti ya mbele na kifuniko cha injini, achungulie kwenye bawaba na sehemu ya ndani ya paa. Akiona kijani au nyeupe chini ya rangi ya chungwa, mazungumzo yamekwisha. Kifaru naye atazamwe kwa lenzi: nakala iliyotolewa kwenye kalibu ya kifaru mwingine hupoteza ukali wa pembe na mikunjo ya ngozi.

Suala la vipande vidogo haliishii kwa kifaru. Aston Martin DB5 ya James Bond, Corgi namba 261 ya mwaka 1965, yenye rangi ya dhahabu, iliuzwa kwa idadi kubwa sana, hivyo yenyewe si adimu. Iliyo adimu ni ile ambayo bado ina mtu wake wa kurushwa kutoka kitini, bahasha ya maelekezo ya siri na boksi lake. Bei hupanda kwa sababu ya karatasi na plastiki, na ndiyo maana karatasi na plastiki huigwa.

Boksi linastahili ukaguzi mkali kuliko kigari. Boksi safi linaweza kuongeza bei maradufu, na maboksi ya nakala huuzwa waziwazi kwa wanaotaka kupendezesha rafu zao. Watengenezaji waaminifu huchapa neno la kuonyesha kuwa ni nakala kwenye ulimi wa ndani. Asiye mwaminifu huukata ulimi huo. Boksi lenye ulimi uliokatwa lishukiwe. Chini ya lenzi, nakala nyingi za kompyuta huonyesha vitone vya rangi mchanganyiko mahali ambapo chapa ya zamani ina rangi moja iliyotandazwa sawasawa. Taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti, husaidia pia: karatasi nyingi za kisasa zina kemikali za kuongeza weupe, na hung'aa samawati chini yake, jambo lisilotarajiwa kwa karatasi ya miaka ya 1930. Historia nayo ni shahidi. Dinky ndogo nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zilifika madukani katika maboksi ya jumla ya vigari sita, na mtoto aliondoka na kigari bila boksi. Anayeuza gari dogo la Dinky la mwaka 1938 ndani ya boksi lake binafsi la njano anauza vitu viwili vya nyakati tofauti.

Vigari vizima vya kuigwa vipo, ingawa vichache. Vingi hupatikana kwa kutengeneza kalibu juu ya kigari halisi na kumimina humo metali laini au utomvu wa plastiki. Metali hunywea inapopoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake na mistari yake hufifia. Kipimo na mizani vinatosha.

Mkusanyaji wa leo anayenunua Hot Wheels mpya hajasalimika. Mattel ilianza kutoa matoleo ya Treasure Hunt mwaka 1995, na tangu 2007 yapo ya ngazi ya juu yenye rangi ya Spectraflame na matairi ya mpira. Mchakachuaji huchukua kigari cha kawaida, akakipaka rangi, akakivisha matairi ya mpira, kisha akakirudisha kwenye plastiki na kadi yake. Plastiki iliyobanduliwa na kugandishwa tena huonekana: gundi huvuka mstari wake, na uso wa kadi huchanika nyuzi. Kwa vigari vya kuanzia 2008, msimbo uliogongwa chini una herufi ya mwaka na tarakimu za wiki. Usipolingana na toleo linalodaiwa, kigari kirudi kwa mwenyewe.

Kukarabati kigari cha zamani si kosa, na kuna mafundi wanaostahili sifa kwa kazi hiyo. Wakusanyaji wana madaraja matatu yanayoeleweka: daraja la kwanza ni kilichotoka kiwandani kama kilivyo, la pili ni kilichobadilishwa kwa idhini ya kampuni, la tatu ni kilichobadilishwa bila idhini. Daraja la tatu likiuzwa kwa jina lake, hakuna aliyedhulumiwa. Vivyo hivyo nakala za Dinky zilizotengenezwa China kwa leseni na kuuzwa na Atlas Editions ni bidhaa halali. Udanganyifu huanza pale muuzaji anaponyamaza, na ukimya huo ni wizi sawa na wizi mwingine wowote.

Kabla ya kutuma pesa, mnunuzi aombe picha nne: bamba la chini likiwa karibu, ncha za ekseli pande zote mbili, ndani ya kigari kupitia madirishani, na ndimi za boksi zikiwa wazi. Muuzaji mkweli huzipiga kwa dakika chache. Anayetuma picha ya ubavu tu, kisha akasema wanunuzi wengine wanasubiri, aachwe na hao wengine.