Orodha: Taharuki Inayomhukumu Msomaji

Mtahiniwa akiulizwa aeleze jinsi suala la ugonjwa lilivyoshughulikiwa katika tamthilia, aghalabu huandika kwamba maudhui ni UKIMWI, akataja madhara yake matano, kisha akaanza aya mpya ya kuorodhesha mbinu za uandishi. Jibu la aina hii hukosa uhai kwa kuwa limetenganisha fani na maudhui. Hebu tuitazame Orodha ya Steve Reynolds, tamthilia iliyochapishwa mwaka wa 2006 na ambayo imesomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, tuone jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana.

Tuanze na msuko. Tamthilia hii inaanzia mahali ambapo nyingine nyingi huishia, yaani mazishini. Furaha, msichana wa kijijini, amekwisha kufa. Ameacha barua aliyotaka isomwe mbele ya waombolezaji, na ndani yake mna orodha. Kupitia mbinu rejeshi tunarudishwa nyuma kuyaona maisha yake. Kwa kuwa kifo tunakijua tangu mwanzo, hatuna haja ya kuuliza kama atapona. Linalotushughulisha ni swali moja tu: ni nani waliomo katika orodha hiyo? Taharuki imehama kutoka kwa mgonjwa hadi kwa wazima.

Wahusika nao wanajengwa na taharuki hiyo hiyo. Salim, Juma na Bwana Ecko hawajashtakiwa na yeyote, ila dhamiri inawasuta. Aliyeugua amelala kimya. Wanaotetemeka ni wenye afya. Hapa kuna kinaya, na jina la Furaha linakizidisha, kwani mwenye jina hilo ndiye aliyenyimwa furaha.

Kilele kinafika barua inaposomwa. Orodha si ya majina ya wanaume. Ni ya mambo ambayo Furaha angekuwa nayo yangemkinga, na ambayo waliobaki wangali wanayahitaji. Watahiniwa wengi huona kwamba wenye hatia wamejianika bure, nao wako sahihi. Lakini jiulize, msomaji: wewe ulikuwa ukingoja nini? Bila shaka nawe ulitaka majina. Mwandishi ametuingiza katika umbea wa kijiji bila sisi kujua, kisha akatunyima tulichokitamani. Taharuki imetuhukumu sote.

Mwalimu mwenzangu, jambo hili lina uzito darasani. Huenda mbele yako ameketi mwanafunzi aliyemzika mzazi, au anayemeza dawa kila siku kwa siri. Siku hizi mtu anayeishi na virusi akitumia dawa za kupunguza makali ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi. Hata hivyo, wapo wanaozificha wakihofia kunyooshewa vidole. Tukiuliza darasani "Nani alimwambukiza Furaha?" na kuishia hapo, tutakuwa tumeligeuza darasa kuwa matanga ya minong'ono. Swali linalofaa ni: Furaha alihitaji nini, na ni nani waliokuwa na wajibu wa kumpa? Hapo wazazi, marafiki na jamii nzima wataingia katika jibu, si mwenye kosa mmoja tu.

Nawe mtahiniwa, usiitaje mbinu na kuiacha ikining'inia. Sema imetumika wapi, kisha uonyeshe imefanya kazi gani. Badala ya kuandika "kuna taharuki", andika kwamba taharuki kuhusu yaliyomo katika barua inafichua unafiki wa wanaume wanaoheshimiwa, na inamfanya msomaji atambue kwamba kutafuta wa kulaumiwa hakumkingi mtu na ugonjwa. Sentensi moja ya namna hiyo imebeba fani na maudhui kwa pamoja, na mtahini hatakuwa na sababu ya kukunyima alama.