Kunakili Kabla ya Kukarabati: Uokoaji wa Data katika Diski Inayokufa

Diski kuu ya sumaku inapoanza kuharibika baada ya dhamana kwisha, hasara halisi haimo katika dhamana hiyo, kwa sababu hata ingalikuwa hai ingalimpatia mwenye kompyuta diski nyingine tu, bila mafaili yake. Kinachohitaji utaalamu ni kuyatoa mafaili hayo huku diski ikiendelea kudhoofika.

Hali ya diski husomwa katika SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Kipengele namba 5 huhesabu sekta, yaani vipande vidogo vya hifadhi vyenye baiti 512 au 4096, ambazo zimekwisha kubadilishwa kwa sekta za akiba; namba 197 huhesabu zile zilizokataa kusomeka na ambazo bado hazijaamuliwa. Hesabu ya namba 197 ikizidi kupanda, ukarabati usijaribiwe kabisa, kwa kuwa programu kama chkdsk ya Windows huandika kwenye diski ileile iliyo mgonjwa, na huweza kuharibu kile ambacho kingali kinaokoleka.

Njia inayofaa ni kunakili diski nzima hadi kwenye diski nyingine kwa GNU ddrescue, programu huria ya Antonio Diaz Diaz, ambayo ubora wake umo katika mpangilio wa usomaji. Unakili wa kawaida hukwama penye sekta mbovu, na kila jaribio jipya huichosha diski kabla sehemu nzima hazijaguswa. Ddrescue huruka mbele, ikakusanya kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, kisha ikarudi kwenye kingo za maeneo mabovu, na mwisho ikachokonoa sekta moja moja. Maendeleo yote huandikwa katika faili la ramani, ambalo huwezesha kazi kusimamishwa na kuendelezwa, na ambalo kwa hiyo halipaswi kuwekwa kwenye diski inayookolewa. Namba za utambulisho za diski zote mbili zihakikiwe kabla ya kuanza, kwani kukosea na kugeuza diski chanzo kuwa diski pokezi hufuta kila kitu. Ukarabati hufuata baadaye, juu ya nakala.

Diski inayogonga-gonga haifai kwa njia hii. Mara nyingi mlio huo hutokana na vichwa vya kusomea vilivyoharibika, ambavyo huelea nanomita chache tu juu ya sahani na huweza kuikwangua. Diski hiyo izimwe mara moja, na ifunguliwe tu katika chumba maalumu kisicho na vumbi.