BMW M5 kwa Jicho la Chundwa

Chundwa hakuna barabara ya kuitoa jasho BMW M5. Kijiji kiko Kisiwa cha Pate, jirani na Kizingitini na Faza, na mgeni atokaye Mokowe hupita Mkanda kwa hesabu ya maji kujaa na kupwa. Hata hivyo watu wa huko wamezoea kusoma maumbo. Chombo kikipwelewa ufuoni, macho huanzia mkukuni, yakapanda mbavuni, yakamalizia omo. Ndipo huulizwa ni cha nani. Nataka kuisoma M5 kwa mpangilio huo, chini kwanza na sura baadaye, maana tangu 1985 sehemu hizo mbili za gari hili hazijawahi kusimulia habari moja.

M5 ya kwanza, ambayo wapenzi wa BMW huiita E28, ilikuwa saluni ambayo mwalimu mkuu angeendea kazini bila kusemwa. Bodi yake ilikuwa ile ile ya 518i: ya mraba, vioo vikubwa, pua imeinamia mbele, ile inayojulikana duniani kama pua ya papa. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya lita 3.5 na silinda 6, iliyotokana na ya M1, gari la kimichezo la kampuni hiyo hiyo, ikitoa nguvu za farasi 286. Nje uliona beji ndogo mbele, nyingine kwenye buti, na kidevu kilichoshuka kidogo. Zing'oe beji, hubakiwi na ushahidi mwingi. Fani yake ilikuwa hapo. Umbo halikusema uongo. Lilinyamaza tu, na aliyepitwa barabarani ndiye aliyebaki na maswali.

Kizazi cha pili, E34 ya 1988, kinataka kutazamwa magurudumuni. Juu ya rimu palifungwa kifuniko chenye mapanga yaliyolazwa upande mmoja; gurudumu likizunguka, mapanga huvuta hewa ya kupoza breki. Asiyejua huona rimu za kizee tu, tena zisizo na mvuto. Mimi naona ndipo msanifu alipofika mbali zaidi: kila kilichoongezwa nje kina kazi ya kufanya, na hakuna kilichoombwa kipendeze.

Hapa mtu wa Visiwani lazima aukumbuke mtepe. Chombo kile cha Wabajuni hakikuwa na msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za kumbi, tanga lilikuwa la mkeka, na omo ilinyooka mbele kama shingo ya ngamia, imechorwa macho. Kilitoweka baharini kabla ya katikati ya karne ya 20. Jahazi lililobaki lina misumari na tanga la kitambaa, na ile shingo haipo. Vyombo vyetu, kizazi kwa kizazi, vilivua pambo. Saluni ya Wajerumani ilianza uchi ikaishia na shingo.

Kabla ya hapo, ilifika kileleni. E39 ya 1998 ilipata injini ya V8 ya lita 4.9, farasi 400, na gia 6 za mkono. Ukiitazama ubavuni, mstari mmoja hutoka taa ya mbele hadi ya nyuma bila kukatika. Mlango hauna kovu, tairi zimejaa matao yake barabara. Siri inavuja nyuma tu, kwenye midomo minne ya ekzosi. Hiyo minne inatosha. Ni sentensi ndefu yenye nukta moja, na nukta iko mahali pake.

E60 ya 2005 wengi waliichukia. Mchoro wa bodi ulikuwa wa Mwitaliano Davide Arcangeli, aliyefariki 2000 kabla gari halijatoka, chini ya mkuu wa usanifu Mmarekani, Chris Bangle. Taa zilipandisha nyusi, buti likaonekana limewekewa kifuniko juu ya kifuniko, ubavuni pakatobolewa tundu. Mimi naitetea. Ndani yake mlikuwa na V10 ya lita 5, farasi 507, inayopanda hadi mizunguko 8,250 kwa dakika. Injini ya makelele ilipewa sura ya makelele. Hapo chini na juu vilikaribia kupatana kuliko wakati wowote.

Uongo ulianza na F10 ya 2011. V8 yenye turbo mbili ilitoa farasi 560, lakini kabini ilizibwa vizuri mno, basi mlio wa injini ukachezwa kwa spika za redio. Sauti nayo ni umbo. Dereva anayesikilizishwa gari lake mwenyewe amekuwa mtazamaji.

F90 ya 2017 naipita haraka: farasi 600, nguvu kwa magurudumu yote manne, sura ya kiungwana kuliko inavyosifiwa. Lakini kwa G90 ya 2024 lazima nisimame. Mbavu zimetanuliwa, grili imezungushiwa taa zinazowaka usiku, na chini yake kuna V8 pamoja na mota ya umeme na betri, jumla farasi 727. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 1,430 hivi; hii inazidi 2,400. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, inafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde 3.5. F90 ilihitaji 3.4. Farasi 127 zaidi zimeletwa kubeba mzigo ulioletwa pamoja nao, na upana ule wote wa mabega unatangaza mwendo ambao haukuongezeka.

Msomaji wa Kenya ana dhiki nyingine: gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Kwa hiyo anayeagiza leo anafunguliwa sura za mwisho za kitabu, zile zenye makelele mengi na siri chache. Hukumu yangu ni kwamba umbo la M5 lilikamilika kwa E39. Kama wewe ni mmoja wa wachache wanaoimiliki Mombasa au Nairobi, usiibadilishe bampa wala kuipaka rangi ya kung'ara, na hiyo midomo minne ya ekzosi iache ilivyo.