Mizunguko ya Mwisho ya Spana

Toshenbaa ni nondo ya chuma cha springi iliyolala chini ya chesi. Ncha yake moja imeshika am ya gurudumu la mbele. Nyingine imeshikwa na mkono mfupi wenye bolti ya kurekebishia. Bolti ikikazwa, mkono huo hugeuka, nondo husokoteka na pua ya gari huinuka. Hilux nyingi za kizazi kilichoanza mwaka 1997, Mitsubishi L200 za wakati huo na hata Hiace za abiria zimejengwa hivyo mbele. Kwa kuwa kazi yenyewe haidai kipuri hata kimoja, ndiyo njia ya kwanza ya kunyanyua gari anayoelezwa mwenye pikapu asiye na fedha, awe Musoma au Bunda. Njia si mbaya. Ubaya ni kutojua pa kuishia.

Haja ya kunyanyua haina ubishi. Lami ya kutoka Bunda kwenda Musoma hadi Sirari haimsumbui mtu, lakini njia za kufuata samaki Majita, au za machimbo ya Buhemba wilayani Butiama, huchimbwa mifereji miwili na matairi ya malori, na tuta la katikati hubaki likisubiri difu. Kwenye udongo mweusi wakati wa masika, sentimita mbili huamua kama gari litapita au litalala hapo hapo.

Kosa huingia mwishoni. Bolti imeshapakwa oili, mizunguko ya kwanza imekwenda vizuri. Gari linashushwa kwenye jeki, linatikiswa, linatazamwa kwa mbali. Pua imepanda upana wa kidole gumba. Hapo kazi ilitakiwa iishe, lakini kila aliyewahi kusimama kando ya kazi hii anajua kuwa haiishii hapo. Mwenye gari anataka zaidi kwa sababu la jirani limepanda zaidi. Spana inarudishwa, bomba linachomekwa kwenye mpini wake kuongeza nguvu, na bolti inakazwa mpaka uzi unaisha. Gari linatoka limeinua kichwa, na watu wanasifu. Lakini kidole kikiingizwa kati ya am na raba ya kikomo, hakipiti.

Nafasi hiyo ya kidole ndiyo kazi yote. Gurudumu lina safari mbili: kupanda likikuta jiwe, kushuka likikuta shimo. Kila sentimita ambayo pua inapandishwa kwa bolti inakatwa kwenye safari ya kushuka. Ikiisha, gurudumu linaloingia shimoni halifuati shimo. Linaning'inia, na am inagonga raba yake kwa kishindo kinachofika mpaka kwenye usukani. Shokapu, ambayo haikubadilishwa, inavutwa mpaka mwisho wake kila mara.

Madereva hulalamika kwamba toshenbaa imekuwa ngumu. Haijawa ngumu. Ugumu wa nondo unatokana na chuma chake, urefu wake na unene wake, na unene ndio unaotawala: nondo iliyozidi kipenyo kwa asilimia 10 huwa ngumu zaidi kwa asilimia 46 hivi. Bolti haiongezi unene. Inabadilisha tu mahali gari linaposimama, na gari lililosimamishwa kwenye kikomo halina pa kuchezea.

Mengine yanafuata. Draivishafti zinakaa zimeinama, buti zake zinapasuka kwenye mikunjo, grisi inarukia rimu, vumbi linaingia, na jointi inaanza kulia gari linapokata kona. Boljointi zinaishi kwenye pembe ya mwisho. Alaimenti haikupimwa, hivyo matairi yanalika upande mmoja. Fedha iliyookolewa inarudi dukani kununua draivishafti.

Na mara nyingi pua haikushuka kwa uzee. Ilishushwa na bulbaa. Hilo limeshasemwa mara nyingi na inafaa lisemwe tena: chuma kizito kilichofungwa mbele ya magurudumu hukandamiza kuliko uzito wake, kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya mtumbwi. Kukifungua ni kunyanyua gari bila kulipa.



Hilux ya zamani, LN106, yenye ekseli nzima na springi za bapa mbele, haikumwingiza fundi kwenye majaribu haya. Springi moja ikiongezwa, chesi ilipanda na draivishafti zikabaki zimenyooka ndani ya ekseli. Na kabla yake kulikuwa na Peugeot 404, gari la saluni ambalo Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda nalo Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967. Halikuwa refu. Springi zake zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu, gurudumu likaifuata ardhi kila ilipokwenda.

Kazi sahihi inaanza na futi kabla ya spana. Kipimo huchukuliwa kutoka katikati ya haba hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Uzi wa bolti hutiwa alama ya rangi, gari huinuliwa kwa chesi ili bolti isibebe uzito, na mizunguko huhesabiwa. Kisha gari huendeshwa kidogo lijikalie, na kupimwa upya. Sentimita 2.5 zikifika, bolti iachwe, na alaimenti ipimwe siku hiyo hiyo.

Kimo kinachobaki kitafutwe kwenye matairi. Kutoka 205R16, yenye kipenyo cha sentimita 74 hivi, kwenda 7.50R16 ya sentimita 80 hivi, gari linapanda sentimita 3, mradi madigadi yasiguswe usukani ukikatwa wote. Dereva akumbuke kuwa spidomita itasoma pungufu. Kwa Hilux za koili zilizoanza kutoka 2004, spesa ya juu ya shokapu inapandisha gari karibu mara mbili ya unene wake, kwa hiyo ya milimita 15 inatosha.

Kwenye toshenbaa, jumla ni sentimita tano na nusu chini ya difu ya mbele, na gurudumu bado linashuka. Fundi akiombwa kuzidisha hapo, arudishe spana kwenye sanduku.