Ukingo wa Kasha la Gemu

Kijana akijitengenezea kasha la gemu, lile refu la kusimama nalo, lenye kioo usawa wa kifua na vitufe chini yake, watu humsifu kwa yaliyo ndani. Wanataka kujua TV ya chogo ameifufuaje, kompyuta ameipata wapi, nyaya za vitufe ameziunga vipi. Ni wachache wanaoinama kutazama pembeni, pale ubao ulipokatwa ukabaki wazi kwa unene wa milimita 18. Mimi hapo ndipo ninapoanzia. Nikipitisha kidole kwenye ukingo kutoka kichwani mwa kasha hadi miguuni, najua kama fundi alikuwa na haraka, na mara nyingi najua kasha hilo litaishi masika mangapi.

Hasa likiwa Tindiga. Kata hii ya wilaya ya Kilosa imekaa kwenye tambarare ya Mkata, nchi ya mpunga, na mafuriko kwake si mgeni. Hata mwaka ambao maji hayakuingia majumbani, mvua zikikolea unyevu hupanda ukutani na sakafu ya udongo haikauki kwa wiki nzima. Sasa fikiria chipbodi imesimama hapo. Ni vipande vya mbao vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, uso wake umefunikwa vizuri, soda ikimwagika juu yake unafuta kwa kitambaa na kuendelea na mchezo. Pembeni haina ngozi. Hapo inakunywa, na ikishakunywa inavimba. Jua likirudi inakauka lakini unene wake wa mwanzo haurudi. Unabaki na ukingo uliofura, unaomong'onyoka kila ukiguswa, na skrubu zilizoshikilia hapo zinacheza. MDF ina ugonjwa huohuo. Marinibodi huvumilia zaidi, ila matabaka yake yanaonekana na vibanzi vyake vinachoma mikono ya watoto. Mteja humwambia fundi apaache tu pembeni, kwani nani ataangalia huko? Maji ndiyo yatakayoangalia, tena kabla ya mteja.

Walioanza kazi hii ya makasha walikuwa na maadui wengine. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka kasha la Pong kwenye baa ya Andy Capp's Tavern mjini Sunnyvale, California. Mwaka 1978 Taito ya Japani ikatoa Space Invaders, na 1980 Namco ikatoa Pac-Man, makasha yakajaa mabaa na maduka dunia nzima. Huko yalipigwa mateke na walioshindwa, yakamwagiwa bia, yakaburutwa kwenye milango myembamba. Dawa ambayo viwanda viliipenda ni utepe wa plastiki ambao ukiukata na kuutazama kichwani una umbo la herufi T. Uso wake mpana unafunika ukingo wote. Mguu wake, wenye miiba midogo iliyolala kuelekea nje, unazama katika mfereji uliochimbwa katikati ya unene wa ubao. Unaugonga kwa nyundo ya raba, miiba inauma mbao, na kazi imekwisha, bila msumari na bila gundi. Ukichakaa unaung'oa na kugonga mwingine. Sijui vitu vingi vya bei ndogo vilivyofikiriwa kwa makini namna hiyo.

Kanga isiyo na pindo ni kitambaa tu, hata mji wake uwe mzuri namna gani na jina lake liwe la kuchoma roho. Ubao nao ndivyo ulivyo, na mafundi wa pwani walilielewa hilo zamani. Tazama sanduku la Kizanzibari: shaba imetembezwa kwenye kona na misumari ya vichwa vya duara imepangwa kufuata mipaka yake. Tazama mlango wa Mji Mkongwe: nakshi nzito imewekwa kwenye fremu, pale mlango unapokutana na ukuta. Pambo lile linakaa mahali panapoumia, na macho yetu yamezoea kuliita uzuri.

Lakini utepe wa T haupatikani kirahisi. Kwa mtu wa Tindiga ni kitu cha kuagiza ng'ambo, na mita chache zikifika zinaweza kuwa zimegharimu kuliko mbao zitakazopambwa nazo. Kinachopatikana ni utepe bapa wa plastiki wanaoutumia mafundi wa makabati ya jikoni, unaouzwa kwa mita au kwa roli Dar es Salaam, huko Keko kwa maseremala na kwenye maduka ya Kariakoo. Kwa ubao wa milimita 18 unachukua ule wa upana wa 22, ili kila upande ubaki na ziada ya kusawazisha. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 na kusimama Kilosa, roli kama hiyo inakuja mapajani mwa abiria. Kutoka stesheni hadi Tindiga ni shauri la bodaboda, na bodaboda wa Kilosa amebeba vigumu zaidi ya hivyo.

Kabla ya kuagiza pima. Ubavu wa kasha wenye urefu wa sentimita 170 na kina cha 60 una mzunguko wa sentimita 460. Chini, linapokanyaga sakafu, utepe hauna kazi, kwa hiyo toa 60. Mbavu ni mbili, unapata mita 8. Ukichonga paji la mbele kwa mkunjo, mkunjo unakula zaidi. Nunua mita 10. Anayenunua 8 kamili ataunga vipande, na kiungo katikati ya ubavu huonekana kuliko kasha lote.

Utepe ule una aina mbili. Usio na gundi unapakwa gundi ya kugusisha pande zote mbili, unasubiriwa mpaka kidole hakinati tena, ndipo unabandikwa, na hapo hakuna kurekebisha: ulipogusa ndipo umekaa. Wa pili, mara nyingi wa karatasi ngumu, huja na gundi kavu mgongoni inayoyeyushwa kwa pasi, na Tindiga pasi ya mkaa inaifanya kazi hiyo vizuri sana. Haina namba za kuchagua joto. Unanyunyizia tone la maji; likichemka polepole, subiri; likiruka na kutoweka, weka karatasi kati ya pasi na utepe, sukuma taratibu, na nyuma yake pitisha kipande cha mbao ukikandamiza hadi gundi ipoe. Ziada inaondolewa kwa tupa, nayo isukumwe kuelekea ndani ya ubao. Ukiivuta kwenda nje unabandua ulichobandika. Anayejua kupiga pasi sare ya shule bila kuiunguza anaweza kazi hii, na kwa kweli nimeona akina mama wakiifanya vizuri kuliko mafundi, kwa kuwa mkono wao unalijua joto.

Ninachopenda kuliko utepe huo ni raba za mafundi wa aluminiamu. Madirisha ya aluminiamu yameingia kila mji, Mikumi na Kilosa yapo, na kila kioo kinashikwa na raba nyeusi ndefu inayosukumwa kwenye mfereji wa fremu. Okota kipande kilichotupwa chini ya meza ya fundi ukitazame kichwani. Zipo za namna nyingi, ila zipo zenye uso bapa na mguu wenye miiba, ndugu kabisa wa ule utepe wa T. Uso wake ni mwembamba, haufuniki milimita 18 zote, kwa hiyo kingo za ubao zitelemshwe kwa randa pande zote mbili mpaka raba ienee na kubaki ukanda mdogo wa kupakwa rangi. Rangi ya mafuta, mikono miwili, ya kwanza iwe nyepesi ili izame.

Mfereji unachimbwaje bila mashine? Fundi mwenye ruta na kisu cha kufyeka mfereji atacheka swali hili, aachwe acheke. Asiye nayo achukue misumeno miwili ya kukatia chuma, zile bapa zake tupu bila mshikio, azilaze moja juu ya nyingine. Kila moja ni nyembamba. Zikikata pamoja njia yake ni kama milimita moja na nusu hadi mbili, na mguu wa raba unaingia kwa kubana. Zifungwe kwa skrubu juu ya kibao kilichopigwa randa sawasawa, meno yatokeze sentimita moja pembeni. Unene wa kibao uchaguliwe ili meno yaangukie katikati ya ukingo: kwa ubao wa 18, yawe kwenye 9. Kisha ubao na kibao vinalazwa juu ya meza moja iliyonyooka, na kibao kinavutwa huku na huko, meno yakilamba ukingo, vumbi likitoka kama unga wa dona. Ni kazi ya jasho na ya kurudia. Ila mfereji unaotoka hapo umenyooka, maana kilichouongoza ni uso wa meza yenyewe na hakuna jicho la mtu la kuusaliti.

Kwenye kona raba haipindi, inakunjana na kuvimba. Mguu wake ukatwe umbo la V mahali pa kona na uso uachwe mzima, uzunguke bila kuvunjika. Anza kugonga chini nyuma, malizia chini mbele, ili ncha zote mbili zikae sakafuni zisikoonekana. Usiivute unapogonga. Raba iliyovutwa inakumbuka urefu wake, na baada ya wiki chache inajirudisha na kukuachia pengo.

Hata hivyo, ningeambiwa nichague moja, nachagua mninga. Kasha lenye mistari iliyonyooka halihitaji plastiki wala raba. Karibu kila karakana ina mabaki ya mninga, vipande vilivyozidi kwenye mlango au kitanda, vinavyongoja kuwa kuni. Kwa kuwa mbao ilikwisha kuingia karakanani na vibali vyake, hukukata mti mwingine; na katika wilaya ambayo vijiji vyake viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu wa mashirika ya misitu ya TFCG na MJUMITA tangu 2012, vikatenga misitu na kupanga uvunaji, mtu anaona haya kuchoma mninga chini ya sufuria. Pasua ufito wa unene wa milimita 6 na upana wa 20. Paka gundi nyeupe ya mbao ukingoni, bandika, kisha funga kwa tyubu.

Hapo kwenye tyubu nitakaa kidogo. Vibano vya chuma vya kutosha mbavu mbili ni mali, na fundi wa kijijini huwa nacho kimoja au hana. Lakini tyubu ya baiskeli iliyokufa, ikikatwa utepe mmoja mrefu wa upana wa vidole viwili, inabana kuliko anavyodhani mtu. Unaizungusha ubao mzima, kila mzunguko ukivuta, na mzunguko juu ya mzunguko nguvu inajumlishana mpaka gundi inatokeza mstari wa matone madogo meupe kwenye maungio. Matone hayo ndiyo habari njema. Pasipotoka tone, gundi haikufika, fungua urudie. Yafutwe kwa kitambaa kibichi kabla hayajakauka, la sivyo vanishi itakataa kushika hapo na kuacha mabaka. Acha mpaka kesho. Kesho randa kali, kwa kufuata nyuzi za mbao, inalamba ile ziada ya milimita moja kila upande, na uwekundu wa mninga unakutana na ubao bila ngazi. Kucha ikipita isikwame.

Mninga hauchezi sana na unyevu, ndiyo maana mafundi wanauamini kwenye milango. Ukipata teke unabonyea na kung'aa. Chini kabisa, kwenye miguu, hata mninga nisingeuacha ukanyage udongo. Hapo naweka ukanda wa tairi. Mkata katambuga mnadani ana kisu, ana tairi, na anajua kukata mstari ulionyooka kwa bei ambayo huwezi kubishana nayo. Misumari mifupi, vichwa vizame ndani ya raba. Kasha linasimama juu ya mpira, maji ya kufagilia yanapita chini yake.

Kuna faida nyingine isiyohusu maji. Vijijini kasha lenye kioo na vitufe linaingia na sifa mbaya, kwa sababu wazazi wamezoea mashine za bonanza, madubwi yanayokula sarafu za watoto na kutema tamaa. Kasha la gemu halina kamari ndani yake, lakini nani atasoma hilo kwa mbali? Mabati na taa za rangi zinasema dubwi. Mbavu zenye ukingo wa mninga uliopakwa vanishi zinasema kabati, kitu cha sebuleni, na mzee anayepita anasogea kuuliza ni la nani kabla hajaanza kufoka. Haimalizi mabishano, lakini inayaanzisha kwa heshima.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaofundisha useremala, kuanzia karakana za mitaani hadi vyuo vya VETA, na kimoja kipo hapahapa Mikumi: mpeni mwanafunzi kipande cha chipbodi cha futi moja kwa futi moja, azungushie ukingo, kisha kilazeni kwenye beseni la maji usiku kucha. Asubuhi kipimeni unene. Na wewe unayejenga kasha lako msimu huu, anza kutafuta ukingo kabla hujanunua ubao, maana ukingo ulioupata ndio utakaokuambia kama mbavu zitakuwa na mikunjo au zitanyooka. Mwulize fundi wa aluminiamu mabaki ya raba, mwulize seremala mabaki ya mninga. Wengi watakupa bure au kwa pesa ya soda.